Dirisha la mozaiki ya vioo, shanga na mastoni: kwanza shika kila kitu kwenye mwanga

Dirisha langu la kwanza nililitengeneza usiku. Wiki nzima, kila nikimaliza shughuli zangu nakaa chini ya taa nabandika mastoni, yale mawe bandia madogo ya kung'aa kama ya kwenye nguo, moja moja, yanameremeta mpaka raha, najiona fundi kweli kweli. Siku nimemaliza, asubuhi nikalisimamisha nione jua linavyopita, aisee, nikakuta vidoti vyeusi kila mahali kama nzi wamelala hapo. Kumbe zile stoni zote zilikuwa na karatasi ya fedha mgongoni, ile inayozifanya zing'ae, na ile karatasi haipitishi mwanga hata chembe, kwahiyo mchana jua likiwa nyuma ya kioo unachokiona ni kivuli cha stoni tu. Kazi ya wiki nzima nikaikwangua kwa wembe.

Ndo hapo nikaelewa kwamba mozaiki, yaani picha ya vijipande vilivyobandikwa, ya ukutani na ya dirishani hazifanani. Ya ukutani mwanga unaipiga kwa mbele halafu unakurudia machoni, mafundi wa zamani wa Ravenna kule Italia na Konstantinopoli, Istanbul ya leo, walikuwa mpaka wanalaza vijipande vya dhahabu kwa pembe pembe makusudi ili vimemeteke mtu akipita. Ya dirishani mwanga unapita katikati yake. Kwahiyo chochote unachotaka kukibandika, iwe kioo, ushanga, stoni au hata gundi yenyewe, kishike kwanza mbele ya dirisha mchana ukiangalie. Kama kinageuka cheusi basi ujue kwenye dirisha lako kitakuwa cheusi, hata kama mkononi ni pinki.

Tuanze na mastoni maana ndo yanayodanganya watu wengi. Yapo yenye mgongo wa fedha na yapo yasiyokuwa nao, hayo ya pili ukiyageuza unaona upande wa pili kama kwenye kioo cha kawaida. Ya dirishani ni hayo. Ya mgongo wa fedha usiyatupe, yaweke kwenye fremu ya mbao au kwenye sehemu ulizokusudia ziwe nyeusi mchana, mfano mstari wa kuzungushia ua au mboni ya jicho la ndege, halafu usiku ukiwasha taa za ndani yanaamka, yaani dirisha moja linakuwa na sura mbili. Kuna na yale yenye rangi za upinde wa mvua, yamepakwa utando mwembamba sana juu, mtindo ambao kampuni ya Swarovski iliutoa mwaka 1956 ikishirikiana na Christian Dior. Hayo kama hayana fedha nyuma ni mazuri sana dirishani, ila rangi unayoiona mwanga ukigonga si ile utakayoiona mwanga ukipita, kwahiyo usichague ukiwa umeyaweka juu ya meza.

Halafu kuna ya kioo na ya plastiki. Ya plastiki mepesi na hayakati vidole lakini yanachubuka haraka, na mengine jua likiyapiga muda mrefu yanaanza umanjano. Kuyatofautisha rahisi, gusisha mdomoni, ya kioo yana ubaridi, au yagonge taratibu kwenye jino, ya plastiki yanatoa sauti butu.

Shanga nazo hivo hivo. Zipo zinazopitisha mwanga, zipo za rangi nzito zisizopitisha kitu, na zipo zilizopakwa fedha ndani ya tundu, hizi za mwisho mkononi ndo nzuri kuliko zote ila dirishani zinakuwa na kamstari keusi katikati. Mi nazitumia lakini kidogo. Kubwa zaidi ni rangi kupauka: kuna shanga ambazo rangi iko ndani ya kioo chenyewe, hizo hazina shida, na kuna zilizopakwa tu, zikikaa juani zinafifia mpaka unasahau zilikuwa rangi gani. Chukua shanga tano sita za kila rangi, loweka kwenye spiriti usiku kucha, asubuhi kama spiriti imebadilika rangi achana nazo. Nyingine bandika kwenye karatasi, nusu zifunike na kitu kisichopitisha mwanga nusu ziache wazi, weka dirishani wiki tatu hivi halafu linganisha. Najua inachosha kusubiri, lakini kurudia dirisha zima ndo inachosha zaidi.

Kuhusu saizi usichanganyikiwe na namba, maana shanga na mastoni zinahesabiwa kinyume. Shanga namba ikiwa kubwa ushanga ni mdogo, namba 11 ni kama milimita 2, namba 8 kama 3, namba 6 kama 4. Mastoni namba ikiwa kubwa na stoni ni kubwa, zile SS ni kipimo cha saizi ya stoni, SS16 ni kama milimita 4, SS20 inakaribia 5, SS30 imezidi 6 kidogo. Mi dirishani stoni chini ya SS16 siweki kabisa, kutoka mita mbili huioni.

Sasa kioo cha kubandikia. Wengi wanapenda fremu ya dirisha kuukuu la mbao kwasababu kioo na fremu vinakuja pamoja, na kweli inapendeza, ila kagua mambo mawili. La kwanza rangi: rangi nyingi za zamani ziliwekwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwahiyo usiikwangue kwa msasa mkavu ukavuta lile vumbi, tumia msasa wa maji au ipake rangi mpya juu yake uachane nayo, na watoto wasiwe karibu. La pili ile putii inayoshika kioo, kama imekauka na kupasuka toa weka mpya kabla hujaanza, maana utaongeza uzito.

Na uzito si wa kubahatisha. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita moja ya mraba kwa kila milimita moja ya unene. Chukua kioo cha sentimita 60 kwa 90 chenye milimita 3, hicho ni kilo 4 hivi. Ukikifunika chote na vipande vya vioo vya unene huohuo umeongeza kama kilo 4 nyingine, bado grauti (ule uji kama wa saruji wa kujazia nafasi kati ya vipande), shanga na fremu, mara paa uko kwenye kilo 10 na zaidi. Ndo maana kile kioo chembamba cha fremu ya picha sikishauri kwa kitu kinachozidi ukubwa wa karatasi ya kuandikia. Na usibandike moja kwa moja kwenye dirisha la nyumba lenye vioo viwili vilivyofungwa pamoja na hewa katikati, vioo vya rangi nzito vinabeba joto la jua, sehemu moja inatanuka nyingine haitanuki, kioo kinapasuka. Tengeneza kipande chako pembeni ukitundike mbele ya dirisha, hata ukihama unaondoka nacho.

Safisha kioo pande zote mbili kwa spiriti au siki nyeupe, kausha na kitambaa kisichoacha nyuzi, halafu usishike tena katikati kwa vidole, mafuta ya vidole ndo yanafanya kipande kibanduke miezi sita baadae na wewe unalaumu gundi.

Mchoro chora kwenye karatasi saizi halisi, bandika kwa chini ya kioo na selotepu upande uliochorwa ukiangalia juu. Weka kioo juu ya vitabu viwili au matofali yaliyolingana halafu ingiza taa isiyotoa joto kwa chini, tayari una meza ya taa, unaona mchoro na unaona mwanga unavyopita kwa wakati mmoja. Kama ningekuwa na meza ya hivi kwenye lile dirisha la kwanza nisingekwangua kitu. Chora maumbo makubwa, mistari minene, usijaze vitu vidogo vidogo, ua moja kubwa lenye petali sita linakaa vizuri kuliko bustani nzima.

Kukata vioo sitakaa sana maana unaweza ukanunua vipande vilivyokatwa tayari na mwanzoni nakushauri ufanye hivo. Ila kama unakata mwenyewe: miwani ya kinga lazima, viatu lazima, chovya gurudumu la kikatio kwenye mafuta ya taa kidogo, piga mstari mmoja tu kutoka ukingo hadi ukingo, usirudie juu yake hata kama unahisi hukukandamiza vizuri, kisha vunja hapohapo. Mstari mzuri una sauti yake, kama hariri inachanwa. Kingo zisugue kwa jiwe la kunolea lililoloa maji. Vumbi na chengachenga zikusanye kwa karatasi iliyoloa maji, sio kwa kiganja! Kioo kilichoimarishwa kwa joto kama cha milango ya gari hakikatiki, kinalipuka chote kuwa punje, ila hizo punje zenyewe ukizikuta zimeshavunjika ni mali, zibandike zikiwa zimeshonana juu ya karatasi ya rangi inayopitisha mwanga, zinafanana na barafu iliyopasuka.

Gundi. Hapa watu wanaumia. Supagluu usiiguse, ikikauka inatoa ukungu mweupe unaotanda kwenye kioo na kwenye stoni, na tena inakuwa ngumu kavu, joto na baridi vikicheza inaachia. Gundi ya bunduki ile ya moto nayo kwenye kioo haidumu, jua likiwaka inalainika, na nyuzi zake kama utando wa buibui kila mahali. Kinachofaa ni silikoni angavu, au gundi angavu za ufundi kama E6000, au gundi nyeupe kama Weldbond inayokauka ikawa angavu. Hii nyeupe ni nzuri sana kwa mtu anayeanza, haina harufu kali na unaifuta na maji, ila haipendi unyevu wa muda mrefu, kwahiyo dirisha la bafuni au la nje tumia silikoni. Silikoni nayo kuna inayonuka siki na isiyonuka. Ya siki inashika kioo vizuri mno ila tindikali yake inaweza kula migongo ya fedha, kwahiyo vipande vya vioo vya kujitazamia na yale mastoni ya fedha yape ile isiyonuka. Fungua madirisha ukiwa unafanya kazi, hizi gundi za kopo na tyubu zinapandisha kichwa.

Anza na vipande vikubwa vya vioo. Paka gundi nyembamba chini ya kipande chote, sio kidoti katikati, bandika halafu kandamiza ukizungusha kidogo mpaka uone gundi imefika kingo zote. Pakibaki na hewa katikati mchana utaona doa la kifedha kama kioo kimeota ukoma. Gundi ikichuruzika pembeni itoe na kijiti kabla haijakauka. Silikoni inaanza kuota ngozi ndani ya dakika 10 hivi kwahiyo usipake dirisha zima ukajiona mjanja, paka eneo la kiganja, jaza, endelea. Kati ya kioo na kioo acha nafasi ya milimita 2 au 3, na uchaguzi wa nini kitaingia kwenye hizo nafasi ndo unaoamua dirisha litakuwaje.

Wengi wanajaza grauti. Sawa, ni imara. Ila fikiria tena ule mwanga: grauti nyeupe mchana dirishani inaonekana ya kijivu iliyofubaa, kwasababu na yenyewe haipitishi mwanga, sasa unahangaika na nyeupe ya nini, tia nyeusi moja kwa moja na rangi za vioo zitaruka. Chagua isiyo na mchanga, ya mchanga inachubua vioo na ikikutana na stoni za plastiki ndo kabisa. Ikoroge mpaka iwe kama dawa ya meno, iache itulie dakika kama 10, ikoroge tena bila kuongeza maji, isukumie kwenye nafasi kwa kidole chenye glovu, subiri dakika 15 mpaka 20 ndo ufute kwa sponji iliyokamuliwa sana. Ukungu utakaobaki juu ya kioo usiufukuze na maji, acha ukauke uusugue na kitambaa kikavu. Ndoo ya kuoshea usimwage kwenye sinki, grauti itaganda kwenye bomba halafu utamtafuta fundi bomba. Na shanga na mastoni yasiwepo bado wakati huu! Grauti ikiingia kwenye tundu la ushanga haitoki, nimejaribu na sindano, nimejaribu na mswaki, haitoki. Sehemu utakazoweka shanga zifunike kwa tepu ya karatasi kwanza.

Mimi siku hizi grauti nimeiacha kabisa, najaza zile nafasi kwa shanga za namba 11 zinazopitisha mwanga, yaani shanga ndo grauti yangu. Mistari kati ya vioo badala ya kuwa myeusi inakuwa inamelemeta kama umande, na petali nyekundu ikizungukwa na shanga za rangi ya chungwa inaonekana kama ina joto ndani. Inachukua muda, sikatai. Lakini kuna ujanja: usiweke ushanga mmoja mmoja. Kama zimekuja zimetungwa kwenye uzi ziache hivohivo, kama hazijatungwa zitunge, pitisha mstari wa gundi kwenye nafasi, laza uzi mzima wa shanga juu yake ukiusukuma na kijiti, ncha zishikie na tepu, gundi ikianza kushika lakini haijawa ngumu vuta uzi taratibu kutoka upande mmoja. Shanga zinabaki zimepanga foleni. Ukichelewa uzi unagandia ndani, sio mwisho wa dunia, ukate tu kwenye ncha, ila tumia uzi mweupe mwembamba usije ukaonekana.

Kwa eneo pana kama anga au maji, paka gundi, mwaga shanga kwa wingi, zikandamize na kipande cha plastiki, ziache mpaka kesho, halafu inua kioo uzikung'ute zile za ziada kwenye sinia. Kutabaki na mapengo, rudia mara ya pili. Shanga zikilala ovyo ovyo, nyingine tundu juu nyingine pembeni, maji yanaonekana yanatembea, kwahiyo hapo usijitese kuzipanga.

Mastoni ndo ya mwisho. Kidoti cha gundi kiwe kidogo kuliko stoni yenyewe, ikikandamizwa itasambaa. Kuinua stoni usitumie kucha, chukua kijiti cha meno ubandike nta kidogo kwenye ncha, kinashika stoni kwa juu, ukiiweka kwenye gundi kijiti kinaachia chenyewe. Yaweke machache. Nafahamu mkono unawasha kuyamwaga kila mahali lakini stoni tatu kwenye moyo wa ua zinaonekana, stoni mia tatu hazionekani, zinakuwa kelele.

Kuna watu wanapenda kumwagia rezini, ile gundi angavu ya maji maji ya kuchanganya chupa mbili inayoganda ikawa ngumu, juu ili kila kitu kiwe laini kama ziwa. Mimi kwa shanga na vioo sina neno, inashika vizuri na vumbi halikai kwenye mapengo. Ila ukifunika mastoni kwa rezini umeyaua. Stoni inameta kwasababu zile nyuso zake zilizochongwa zinakutana na hewa na mwanga unapinda pale. Rezini inapindisha mwanga karibu sawasawa na kioo, kwahiyo ukiimwaga juu ni kama umezijaza zile pembe, mwanga unapita bila kujua kama kulikuwa na stoni. Mwaga rezini kwanza, ikauke, halafu bandika mastoni juu yake. Vipimo vya kuchanganya fuata chupa yako, nyingine ni kipimo kimoja kwa kimoja, nyingine viwili kwa kimoja, na angalia kama wamesema kwa ujazo au kwa uzito, ukikosea itabaki inanata milele. Koroga taratibu dakika kama tatu, ziba kingo za fremu kwanza na silikoni isivujie chini, vaa glovu, viputo vipitishie moto wa haraka haraka bila kukaa sehemu moja, funika na boksi vumbi lisianguke. Na tafuta iliyotengenezwa kuhimili jua, la sivyo ndani ya muda anga lako la bluu litakuwa la kijani kwasababu rezini imekuwa ya njano.

Ukimaliza acha kazi ilale bapa siku mbili tatu kabla hujaisimamisha, hata kama kwa nje inaonekana imekauka. Silikoni iliyofunikwa na kioo juu na chini inapata hewa kwa pembeni tu kwahiyo katikati inachelewa, nikiwa na vipande vikubwa mi nasubiri wiki nzima.

Kutundika: skrubu zenye pete ziingie kwenye mbao ya fremu, kwenye zile mbao za kusimama za kushoto na kulia, sio kwenye mbao ya juu peke yake maana maungio yake ya kizamani yanaweza kuchomoka. Tumia cheni mbili, kila moja iwe na uwezo wa kubeba uzito wote peke yake, na kulabu za ukutani au darini zishike kitu kigumu. Kamba ya nailoni ya kuvulia samaki sitaki hata kuisikia, jua linaila polepole na huoni mpaka siku imekatika. Kusafisha futa kwa brashi laini kavu, na kitambaa chenye unyevu kidogo kwa upande ule mwingine ulio mtupu, usipulizie dawa ya vioo moja kwa moja kwenye shanga maana maji yanaingia kwenye matundu na yanakaa huko.

Na yale mastoni meusi bado ninayo, yale niliyoyakwangua. Nimeyabandika kuzunguka fremu ya dirisha la tatu, mchana huyaoni, jioni nikiwasha taa yanawaka kabla hata sijakaa.